Mpiga Picha Aliyehesabu Nyumbu

Michael Grzimek, Mjerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1934, alikuwa mpiga picha za sinema na rubani pia. Ndege yake ndogo ilipakwa rangi kwa milia kama ya punda milia. Mwezi Januari 1958 yeye na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, waliruka juu ya Serengeti, ukanda baada ya ukanda, wakihesabu wanyama. Nyumbu peke yao walikuwa 99,481.

Wakati huo serikali ya kikoloni ilikusudia kubadili mipaka ya hifadhi. Wao walionyesha kwamba makundi hufuata mvua na majani, na kwamba sehemu ya mwaka huishi nje ya mipaka iliyopangwa. Hata hivyo mipaka ilibadilishwa mwaka 1959. Michael hakuyaona hayo: tarehe 10 Januari mwaka huo ndege yake iligongana na tumbusi ikaanguka, akafa akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Hesabu ile ilikuwa na kasoro, maana jicho huchoka upesi. Waliofuata walipiga picha za makundi kutoka angani, kisha wakahesabu vichwa mezani kwa utulivu. Ndivyo ilivyobainika kwamba, baada ya sotoka kudhibitiwa, nyumbu walizidi milioni moja katika miaka ya 1970.

Kwa mwanafunzi wa Songea jambo hili haliko mbali. Tembo wa Selous na wa Niassa, Msumbiji, hupita katika wilaya za Namtumbo na Tunduru. Mwaka 1976 tembo wa Selous walikadiriwa kuzidi 100,000. Hesabu ya angani ya mwaka 2013 ilikuta wapatao 13,000.