Dawa Gani kwa Filme Yako?

Filme ya nyeusi na nyeupe inasafishwa mara moja tu. Mimi niliharibu foto za ndoa ya jamaa moja kwa sababu ya dawa iliyolala katika chupa nusu. Filme ilitoka bila kitu.

Kama unasafisha filme kila juma, twaa dawa ya unga. D-76 ya Kodak, iliyotoka 1927, inatoa foto laini. Lakini inakorogwa pakiti nzima, na hata katika chupa iliyojaa na kufungwa sana inadumu karibu miezi 6 tu. Adui yake ni hewa.

Kama filme zako ni mbili tatu kwa mwaka, twaa Rodinal, dawa ya maji ya tangu 1891. Pima 10 ml katika 500 ml za maji ya digri 20, tumia, mwaga. Ile inayobaki katika chupa inadumu miaka. Chembe za foto zitaonekana zaidi, lakini sura ya nkambo wako itabaki.

Mbele ya kuanza, tia katika dawa kipande cha filme kilichoona mwanga. Kisipokuwa cheusi, usithubutu!