Kupata Nafuu si Kupona

Mtu aliyevunjika mkono kazini hutoka hospitali akisema, "Nimepona." Kwa jirani zake hiyo ni habari njema. Kwa sheria ya fidia neno hilo lina uzito mwingine, na likisemwa mapema laweza kumpunguzia mtu haki yake.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda, ya mwaka 2000, hutofautisha hali mbili. Mfanyakazi asiyeweza kazi kwa muda hulipwa kwa vipindi, au kwa mkupuo mmoja, kwa kukadiria atakaa muda gani bila kufanya kazi. Ulemavu wa kudumu una hesabu yake. Ukiwa kamili, hulipwa mapato ya miezi 60. Ukiwa wa sehemu tu, hulipwa asilimia ya kiasi hicho: asilimia 20 ni mapato ya miezi 12, na asilimia 5 ni ya miezi 3 tu.

Tuseme fundi wa kiwanda mjini Jinja amepimwa bandeji ingali mkononi, akatia sahihi. Baadaye vidole vinakataa kukunjika. Asilimia iliyoandikwa siku ile haikuvijua vidole hivyo. Ndiyo maana inafaa jeraha litulie kwanza, ndipo ulemavu uliobaki upimwe. Lakini kukataa kupimwa nako ni hasara, kwani haki yaweza kusimamishwa. Asiyeridhika na kipimo amwone afisa wa kazi. Ubishi juu ya kiwango cha ulemavu huamuliwa na bodi ya madaktari wasuluhishi.

Je, askari? Sheria hii huibana Serikali kama mwajiri mwingine yeyote, ila haiwahusu wanajeshi walio katika utumishi. Wao wana bodi ya madaktari ya jeshi na sheria yao ya pensheni. Polisi hawakutajwa katika msamaha huo. Wala hakutajwa mke wa mwanajeshi anayefanya kazi kiwandani.

Naye mwanajeshi aliyestaafu, ambaye sasa analinda ghala mjini Mbale, ni mfanyakazi kama wengine. Akiumia goti lililowahi kupigwa risasi, amwombe daktari aandike mbalimbali jeraha la zamani na hili jipya, na nakala ya cheti hicho akae nayo mwenyewe.