Dola 200 kwa Wachezaji 16: Bajeti ya Timu katika Mnada wa Fantasi

Bajeti ya timu katika mnada wa fantasi ni kiasi cha fedha za kufikirika ambacho kila meneja hupewa kabla ya msimu kuanza, ili anunue kwacho wachezaji halisi ambao matokeo yao ya uwanjani yatageuzwa kuwa pointi za timu yake. Katika fantasi ya futiboli ya Kimarekani kiasi kilichozoeleka ni dola 200 kwa kikosi cha wachezaji 16, ambao 9 kati yao huanza kila wiki na 7 hukaa benchi. Msomaji aliyezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ambako pauni milioni 100 hununua wachezaji 15, ataona mfanano, lakini kuna tofauti moja inayobadilisha hesabu yote: kule bei ya mchezaji hupangwa na waendeshaji wa mchezo na mchezaji mmoja huweza kuwamo katika vikosi vya mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, ilhali mnadani bei haijulikani mpaka dau la mwisho litajwe, na mchezaji akishanunuliwa na mmoja, wenzake wote wa ligi ile wamemkosa.

Mchezo wenyewe haukuanza na fedha. Mwaka 1962 Bill Winkenbach, mmoja wa wamiliki wa klabu ya Oakland Raiders, alitunga kanuni zake pamoja na wenzake wakiwa hotelini New York, na mwaka 1963 ligi yao ya timu 8 ikafanya uteuzi wake wa kwanza mjini Oakland, kila mmoja akichagua zamu yake ilipofika. Mnada ulipata sifa kupitia besiboli, pale Daniel Okrent na wenzake walipoanzisha mwaka 1980 ligi iliyobeba jina la mgahawa wa La Rotisserie Française wa New York, ambayo kanuni zake zilizozoeleka huipa kila timu dola 260 za kununulia wachezaji 23. Ubora wa njia hiyo ni wa haki kabla ya kuwa wa burudani, kwa kuwa katika uteuzi wa zamu ligi yenye timu 12 humlazimisha meneja aliyepangiwa nafasi ya mwisho kutazama wachezaji 11 wakiondoka kabla hajafungua kinywa, na kura iliyopigwa siku ile ndiyo iliyomnyima, wala si uamuzi wake. Mwenye bajeti sawa na wenzake anaweza kumpata mchezaji yeyote, mradi akubali kulipa na kubeba athari za malipo hayo katika nafasi zinazobaki.

Kosa linalowapata wengi ni kuzitazama dola 200 kana kwamba ni mshahara wa mtu aliyeingia dukani, wakati kwa kweli ni sehemu moja ya mfuko wa pamoja. Ligi ya timu 12 ina dola 2,400 kwa jumla na nafasi 192 za kujaza. Kwa kuwa dau la chini kabisa ni dola 1, na kila nafasi sharti ijazwe, dola 192 zimekwisha kutengwa kabla mnada haujaanza, hivyo kinachogombewa kwa hakika ni dola 2,208. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoweka kikomo cha dau la mtu mmoja: mwenye dola 200 na nafasi 16 hawezi kutaja zaidi ya dola 185 kwa mchezaji wa kwanza, kwa sababu nafasi 15 zilizobaki zinadai dola moja moja. Swali la msingi la mpangaji wa bajeti, basi, ni jinsi dola hizo 2,208 zinavyostahili kugawanywa miongoni mwa wachezaji wote, na jibu lake linategemea kipimo ambacho wanaoanza hukipuuza.

Kipimo hicho ni ziada juu ya mbadala, yaani idadi ya pointi ambazo mchezaji anatarajiwa kumzidi mwenzake wa nafasi ile ile anayeweza kupatikana bure, au kwa dola 1, baada ya vikosi vyote kujaa. Ikichukuliwa kwamba makadirio ya msimu yameonyesha wachezaji 192 wana jumla ya ziada ya pointi 5,520, kila pointi ya ziada itagharimu senti 40, kwa maana 2,208 ikigawanywa kwa 5,520 huleta 0.4. Sasa awekwe mezani mkimbiaji, ambaye kazi yake ni kubeba mpira mkononi na kupenya ngome ya wapinzani, anayekadiriwa kupata pointi 290 wakati mkimbiaji wa mbadala atapata 170. Ziada yake ni 120, nayo ni sawa na dola 48, na ikiongezwa dola 1 ya lazima bei yake stahiki ni dola 49. Kando yake awekwe kwotabeki, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi, anayekadiriwa kupata pointi 350, lakini mbadala wake atapata 290, hivyo ziada ni 60 na bei ni dola 25. Mwenye pointi nyingi amekuwa rahisi kwa karibu nusu ya bei, na sababu inaonekana wazi katika hesabu ya watu: ligi kuu ya Marekani, NFL, ina klabu 32 na kila klabu ina kwotabeki wake anayeanza, ilhali timu 12 za fantasi zinaanzisha 12 tu, wengine wakibaki bila kugombewa sana; lakini wakimbiaji huanza wawili kwa kila timu, mara nyingi na wa tatu katika nafasi huru, na klabu zenye mkimbiaji mmoja anayeachiwa kazi yote ni chache.

Bei stahiki, hata hivyo, si bei itakayolipwa. Katika mnada wa kupanda, dau husimama pale mshindani wa mwisho anapokata tamaa, kwa hiyo mshindi hulipa dola moja juu ya thamani aliyoiona mtu wa pili, hata kama yeye mwenyewe alikuwa tayari kufika mbali zaidi. Mwanauchumi William Vickrey alichambua kanuni hii katika makala yake ya mwaka 1961 kuhusu minada, na kazi yake ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Upande wake wa pili ni ule ambao wahandisi watatu wa sekta ya mafuta, Capen, Clapp na Campbell, waliueleza mwaka 1971 walipochunguza zabuni za vitalu vya baharini, nao hujulikana kama laana ya mshindi: kati ya watu wengi wanaokisia thamani ya kitu kisichojulikana sawasawa, anayeshinda ni aliyekisia juu kuliko wote, na mara nyingi ndiye aliyekosea zaidi. Meneja anayeandika bei zake kabla ya mnada na kuzishika wakati joto limepanda hujikinga na laana hiyo kuliko anayekadiria akiwa ameshikilia dau.

Mgawanyo wa fedha ndani ya timu moja umezua kambi mbili, moja ikitaka nyota wawili au watatu wa bei kubwa wakizungukwa na wachezaji wa dola 1, nyingine ikitaka kikosi kilicholingana. Hoja ya kambi ya kwanza ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa pointi za benchi hazihesabiwi na mchezaji wa dola 1 aliyeshindwa hubadilishwa wiki inayofuata kwa mwingine asiye na timu, hivyo fedha iliyolala benchi ni fedha iliyopotea. Mwaka 2023 Christian McCaffrey, mkimbiaji wa San Francisco 49ers, alipata yadi 2,023 na tachidauni 21, yaani mara 21 aliufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani. Kwa kanuni ya pointi 1 kwa kila yadi 10 na pointi 6 kwa kila tachidauni, hizo ni pointi 328.3 kabla ya kuhesabu mipira 67 aliyoidaka na kabla ya makato, na hakuna mchanganyiko wa wachezaji wawili wa wastani unaoweza kukaa katika nafasi moja na kuzifikia. Lakini mwaka uliofuata McCaffrey huyo huyo alicheza mechi 4 tu kwa sababu ya majeraha, na aliyekuwa amemwekea sehemu kubwa ya bajeti hakuwa na dola ya kurudi nayo sokoni.

Mpango unaofaa zaidi kwa ligi ya kawaida ni kutenga takriban dola 180 kwa wachezaji 7 wanaoanza katika nafasi zenye ziada kubwa, dola 2 kwa mpiga mateke na safu ya ulinzi, kisha dola 18 kwa benchi nzima. Mafungu haya sharti yawe na mlango kati yake: mkimbiaji aliyetengewa dola 49 akinunuliwa kwa 57, dola 8 zilizozidi ziandikwe papo hapo kwamba zimetoka fungu lipi, na akinunuliwa kwa 41, dola 8 zilizookolewa zipewe nafasi nyingine kabla mchezaji anayefuata hajatajwa, kwani dola inayobaki mfukoni mnada ukiisha haina thamani yoyote.

Hesabu hubadilika tena katika ligi zinazoruhusu timu kubakiza wachezaji wa msimu uliopita kwa bei ya zamani. Timu 12 zikibakiza wachezaji wenye thamani ya dola 700 kwa gharama ya dola 400, sokoni zitabaki dola 2,000 zikigombea thamani ya dola 1,700, na kila bei itapanda kwa takriban asilimia 18. Mchezaji wa dola 50 atauzwa karibu dola 59 bila yeyote kufanya upumbavu. Asiyerekebisha orodha yake ataona kila mchezaji ni ghali, atajizuia, na ataamka nusu ya pili ya mnada akiwa na fedha nyingi mbele ya soko lisilobakiwa na mchezaji wa maana wa kununuliwa.

Sehemu hiyo ya mwisho ya mnada ina utawala wake. Mwenye dola 9 na nafasi 3 anaweza kutaja dola 7, na ikiwa wenzake wote wamebakiwa na dola moja kwa kila nafasi, neno lake ni la mwisho kwa kila mchezaji anayemtaka. Wao wanaweza tu kutaja jina kwa dola 1 na kusubiri kuona kama atatamka mbili.