Mtoto mchanga hatetemeki: joto lake hutoka wapi?

Mtu mzima akishikwa na baridi hutetemeka, na kutetemeka huko humpa joto. Mtoto mchanga bado hawezi. Yeye hutegemea mafuta ya kahawia, yaliyo hasa shingoni na kati ya mabega. Akipata baridi, ubongo hutuma ujumbe kupitia mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo hutoa kemikali iitwayo noradrenalini, na mafuta huanza kuunguzwa ili kutoa joto.

Kwenye mafuta ya mwili kuna pia seli za kinga, askari wanaopambana na vijidudu. Tafiti za mwaka 2017 kwa panya zilionyesha kuwa baadhi yake hukaa kando ya mishipa hiyo na kumeza noradrenalini, hivyo joto hupungua. Seli nyingine zilipokuwa na kasoro, mishipa ndani ya mafuta ya kahawia ilipungua, na joto likapungua pia.

Akiba ya mafuta haya ni ndogo, hasa kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Msaidie hivi:

- Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha mfunike na umvalishe kofia.
- Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza. Maziwa humpa nguvu ya kutengeneza joto.
- Usimwogeshe kabla ya saa 24.

Joto lake liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Miguu ikiwa ya baridi, amelegea au hanyonyi, mpeleke kituo cha afya mara moja, akiwa kifuani njia nzima.