Bunia: Aliyesoma lishe anaweza kuishi bila mkataba wa shirika?

Hapa Bunia, ukitaja neno "lishe", wengi wanafikiri mara moja kambi za wakimbizi wa ndani, utepe wa kupima mkono wa mtoto na pakiti ya Plumpy'Nut. Sababu inajulikana. Jimbo la Ituri limeteswa na vita kwa miaka mingi, na Mei 2021 liliwekwa chini ya uongozi wa kijeshi. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake uko chini ya milimita 115 anahesabiwa kuwa na utapiamlo mkali na anahitaji matibabu haraka. Vijana wengi waliosoma lishe wanapata kazi yao ya kwanza katika huduma hiyo, kwa mkataba wa shirika la misaada.

Lakini mkataba una mwisho wake. Januari 2025, Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kiutu katika Kongo, ilisimamisha misaada yake ya nje. Tarehe 1 Julai mwaka huo, USAID ilifunga kazi. Tangu hapo swali limekuwa zito zaidi: mwenye diploma ya lishe anaweza kufungua kabine yake na kuishi kwa kazi yake?

Wagonjwa hawakosekani. Kisukari, presha, ugonjwa wa figo, unene wa kupita kiasi: yote hayo yanagusa sahani. Daktari anamwambia mgonjwa "punguza chumvi, acha sukari", kisha anamwita mwingine, maana foleni ni ndefu. Mgonjwa anarudi nyumbani, kwenye sufuria moja inayolisha watu kumi. Ni hapo kazi ya mtaalamu wa lishe inapoanza.

Kazi hiyo si kutoa karatasi iliyoandikwa Ulaya, yenye vyakula visivyouzwa katika soko letu. Ni kuuliza: bugali ya muhogo unakula kiasi gani? Chai unatia vijiko vingapi vya sukari? Sombe inapikwa na mawese kiasi gani? Kisha kupanga upya kwa vitu vilevile: bugali kidogo, maharagwe na lenga-lenga zaidi, samaki wa Ziwa Albert akipatikana, tunda lenyewe badala ya soda. Chupa ya soda ya nusu lita inaweza kubeba zaidi ya gramu 50 za sukari. Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na kube za mchuzi zinahesabiwa humo.

Kazi hii inaweza pia kuua ikifanywa ovyo. Ndizi na maharagwe ni vyakula vizuri kwa wengi, lakini mgonjwa wa figo ambaye potasiamu imepanda katika damu yake anaweza kudhurika moyo kwa kula vingi. Mtu wa kisukari anayeambiwa aache insulini anywe majani anaweza kufa kwa siku chache. Kwa hiyo mtaalamu mwaminifu anaomba kuona matokeo ya maabara, hagusi dawa za daktari, na hauzi poda ya "kusafisha mwili" mezani pake.

Nchi ya Kenya iliweka sheria ya wataalamu wa lishe mwaka 2007, na taasisi ya KNDI ndiyo inayowaandikisha na kuwapa leseni. Kwetu, madaktari wana Ordre yao, na wauguzi walipata yao kwa sheria ya Julai 2016. Anayetaka kufungua kabine ya lishe aanzie kwenye ofisi ya afya ya jimbo, DPS, kuuliza masharti ya ruhusa kabla ya kulipa nyumba. Upande wa biashara, sheria za OHADA, ambazo Kongo iliingia mwaka 2012, zinamruhusu mtu anayefanya kazi ndogo peke yake kujitangaza RCCM bila kuunda kampuni.

Kisha zije hesabu. Tuchukue mfano: wagonjwa 10 kwa juma, kila mmoja dola 5, ni dola 200 kwa mwezi. Ukitoa nyumba, usafiri na kodi, kinachobaki ni kidogo. Ndiyo sababu ni vizuri kuanza bila kuacha kazi nyingine: siku mbili kwa juma katika chumba cha polikliniki, masomo kwa wapishi wa shule, mashauri kwa wafanyakazi wa kampuni. Mgonjwa akirudi baada ya mwezi, alipe kidogo kuliko mara ya kwanza, maana faida ya matibabu haya inaonekana kwa kurudi.

Tangazo la redio linasaidia, lakini mlango mkubwa ni daktari. Mtaalamu anayemrudishia daktari barua fupi, yenye uzito wa mgonjwa, presha yake na mpango wa chakula, ataletewa mgonjwa wa pili. Anayempinga daktari mbele ya mgonjwa atakaa peke yake katika kabine yake.

Ituri bado itahitaji watu wa kupima mikono ya watoto kambini. Itahitaji pia wa kumkalisha mama mwenye presha, kumuuliza alikula nini jana, na kumsikiliza mpaka mwisho.