Mwenye Kalamu ya Bajeti

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wadadisi walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Rufiji, kusini mwa Dar es Salaam. Maswali yao hayakuwa mengi. Nani amezaliwa hapa tangu tulipokuja mara ya mwisho? Nani amehama, nani amehamia? Nani amefariki? Kila baada ya miezi minne walirudi na kuuliza yale yale. Palipotokea msiba, mdadisi aliyefunzwa kazi hiyo alifika baadaye, akawaomba wafiwa wasimulie: ugonjwa ulianzaje, homa ilikaa siku ngapi, mgonjwa alipelekwa wapi kwanza. Madaktari waliyasoma maelezo hayo na kukadiria chanzo cha kifo.

Wengi wa waliofariki Rufiji walifia nyumbani. Daftari za hospitali hazikuwa na habari zao, na mganga mkuu wa wilaya aliyezitegemea alipanga huduma kwa kuwatazama wale tu waliobahatika kufika kitandani.

Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya mradi uliojulikana kwa kifupi TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na IDRC, taasisi ya Kanada inayogharimia utafiti wa maendeleo. Ulifanyika Rufiji na Morogoro Vijijini, na ulizaliwa na dai moja. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyosema kuwa nchi maskini zinaweza kuokoa maisha mengi kwa kiasi cha dola 12 tu kwa kila mtu kwa mwaka, mradi fedha ziende kwenye huduma zinazogusa magonjwa yanayoua zaidi. Tanzania ilikuwa ikitumia pungufu ya hapo. Je, dai hilo lingesimama katika zahanati ya kijijini?

Kitu cha kwanza kilichoonekana kiliwashtua wahusika wenyewe. Morogoro, malaria ilibeba asilimia 30 ya miaka yote ya uhai iliyopotea kwa vifo vya mapema, lakini katika bajeti ya afya ya wilaya ya 1996 ilitengewa asilimia 5. Kifua kikuu, kilichohusika na chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo, kilipata asilimia 22. Hakuna aliyetaka wagonjwa wa kifua kikuu watelekezwe. Hakuna pia aliyekuwa amekaa kikaoni akaamua kuwa malaria ipewe makombo. Bajeti ya mwaka uliopita ilichukuliwa ikaongezwa kidogo hapa, ikapunguzwa kidogo pale, na fedha za wahisani zilikuja zikiwa tayari zimeandikwa jina la ugonjwa.

Hapo ndipo watafiti walipofanya jambo ambalo wenzao wengi hulisahau. Hawakuishia kwenye ripoti nene. Waliandaa michoro ya rangi: mmoja ukionyesha mzigo wa magonjwa wilayani, mwingine ukionyesha fedha za wilaya zinakwenda wapi. Ukiiweka miwili hiyo mezani, mtu asiye na shahada ya takwimu anaona pengo kwa macho yake. Na meza yenyewe ilikuwa ya timu ya afya ya wilaya, msimu wa kupanga bajeti. Takwimu hizo hizo zikiletwa mwezi mmoja baada ya bajeti kupita, zinakuwa habari tu.

Wilaya zilipewa pia fedha kidogo za nyongeza, na uhuru wa kuamua zitumike vipi. Nyongeza waliyoweza kuitumia haikufika dola 1 kwa kila mkazi kwa mwaka. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kumwangalia mtoto mgonjwa mzima mzima: homa, kifua, kuhara, lishe na chanjo kwa pamoja, badala ya kutibu lile moja alilolitaja mama. Rufiji ikafungiwa redio koli ili zahanati za mbali ziweze kuita msaada. Ni mambo ya kawaida kabisa. Tofauti ni kwamba safari hii yalichaguliwa kwa sababu inayojulikana.

Simulizi za wafiwa zilibomoa pia imani moja iliyokuwa imeota mizizi maofisini. Ilisemwa kwamba watu hufa kwa malaria kwa kuwa hukimbilia kwa waganga wa kienyeji, hasa mtoto akipatwa na degedege, ugonjwa ambao wengi waliuhusisha na ndege au pepo, si na mbu. Rufiji ilionyesha picha nyingine: karibu wanane katika kila kumi waliokufa kwa malaria walikuwa wamepata tiba ya kisasa wakati fulani wa ugonjwa wao. Walikwenda, na bado wakafa. Lawama ikahama kutoka kwa mama wa kijijini hadi kwenye huduma aliyopewa.

Sehemu ya huduma hiyo ilikuwa klorokwini, dawa iliyokuwa imeanza kushindwa. Hilo nalo lilihitaji ushahidi. Watafiti na maofisa wa programu za malaria wa Kenya, Uganda na Tanzania waliunda mtandao wa kupima dawa katika vituo maalumu kwa njia moja. Kwa kuwa waliopima walikuwemo maofisa wa wizara, matokeo hayakufika serikalini kama habari za wageni. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 na kutumia dawa iitwayo SP, kisha mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa ya mseto. Kusubiri huko kulichukua miaka, na ni haki kuuliza ni watoto wangapi waliopewa klorokwini kabla ya 2001.

Katika miaka kama mitano, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika wilaya za mradi. Takwimu hiyo ilisafiri mbali, lakini haipaswi kusafiri peke yake. Nchi nzima nayo ilikuwa ikipiga hatua: kutoka vifo 147 kwa kila watoto 1,000 katika utafiti wa kitaifa wa 1999 hadi 112 katika ule wa 2004/05. Tathmini nyingine, iliyopima ule mpango wa kumtibu mtoto kwa ujumla kwa kulinganisha Rufiji na Morogoro na jirani zao Kilombero na Ulanga, ilikuta tofauti ya asilimia 13 katika vifo hivyo. Mtafiti anayetaja asilimia 40 na kuificha 13 atafurahisha kikao kimoja, kisha hataaminiwa tena.

Kilombero na Ulanga, hata hivyo, hazikuwa zimekaa bure. Kuanzia 1997 watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara walikuwa wakisambaza huko vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu, vikiuzwa kupitia maduka na mawakala wa vijijini. Walipopima, waliona kuwa uwezekano wa mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne kubaki hai uliongezeka kwa asilimia 27 kwa aliyelala ndani ya chandarua hicho. Ndani ya mradi huo walijaribu pia kuwapa wajawazito na mama wa watoto wadogo vocha za kupunguziwa bei kliniki.

Vocha hiyo ndiyo iliyokua ikawa Hati Punguzo, mpango wa taifa ulioanza 2004. Mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani na kuongezea fedha kidogo. Tathmini hazikusimama mpango ulipokubaliwa, na ziliendelea kuonyesha kuwa kaya maskini zaidi ndizo zilizobaki nyuma, kwa sababu ile nyongeza kidogo haikuwa kidogo kwao. Zikafuata kampeni za kugawa bure, kwanza kwa watoto walio chini ya miaka mitano, kisha, kufikia 2011, chandarua kwa kila mahali pa kulala.