Ushuru wa Makaa: Nani Anaulipa?

Mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku makaa ya mawe kutoka nje, ili viwanda vinunue ya Ngaka, mkoani Ruvuma. Kiwanda cha saruji cha Dangote, Mtwara, kilikuwa kimeeleza kwamba ya Afrika Kusini ni nafuu.

Marufuku hufunga mlango. Ushuru huuacha wazi, ila hupandisha bei ya mgeni. Ushuru ni haki pale mgeni anapouza chini ya gharama zake kwa kubebwa na ruzuku. Lakini kama makaa yetu ni ghali kwa sababu ya usafiri, ushuru hautengenezi barabara. Humtwisha mzigo mnunuzi wa saruji. Basi, ushuru uwekewe kikomo, na mgodi upatiwe njia.